Usukani wa Kuchezea Mbio za Magari: Namna ya Kuuchagua, Kuufunga na Kuurekebisha Ukiwa Tabora

Kabla ya kutoa fedha kununua usukani wa gemu, mtu anapaswa kujua anacheza michezo ya aina gani. Ipo michezo ya mbio za magari iliyotengenezwa kwa ajili ya kuburudika tu, ambamo gari hushika barabara hata likiingizwa konani kwa mwendo ambao gari la kweli lingeishia mtaroni, na michezo hiyo huchezwa vizuri kabisa kwa pedi ya mkononi. Ipo pia michezo inayokokotoa mwendo wa gari kwa kufuata fizikia: uzito unavyohamia mbele gari linapofunga breki, joto la matairi, na mshiko wa kila tairi peke yake. Katika kundi hili la pili wamo Assetto Corsa ya mwaka 2014 na mdogo wake Assetto Corsa Competizione, iRacing, Dirt Rally 2.0, Gran Turismo 7 ya PlayStation, na EA Sports WRC ya mwaka 2023, ambayo imo pia Safari Rally ya jirani zetu wa Kenya. Mwongozo huu unahusu kundi hilo la pili, kwa sababu humo ndimo usukani unapokuwa chombo cha kupokea habari kutoka kwenye matairi, si cha kugeuza gari tu.

Usukani mzuri aghalabu huagizwa Dar es Salaam na kufika Tabora kwa basi au kwa treni, na kwa sababu ya gharama hiyo watu wengi humaliza bajeti yote kwenye usukani wenyewe, kisha wakaufunga kwenye meza ya sebuleni inayotikisika. Ninaamini kwa dhati kwamba huo ni mpangilio uliopinduka. Usukani wa bei ya kati uliofungwa mahali imara, wenye breki ngumu na uliorekebishwa kwa uangalifu, humfundisha dereva mambo mengi kuliko usukani wa bei kubwa unaocheza kila anapokata kona. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 1: Chagua usukani unaokubaliana na mashine yako

Jambo la kwanza ni mashine utakayochomekea. Usukani uliotengenezwa kwa ajili ya PlayStation haufanyi kazi kwenye Xbox, na wa Xbox haufanyi kazi kwenye PlayStation, ingawa kwa kawaida yote miwili hukubali kompyuta yenye Windows. Logitech G29, kwa mfano, ni ya PlayStation na kompyuta, wakati G920 inayofanana nayo sana ni ya Xbox na kompyuta. Thrustmaster nao wana T150 ya PlayStation na TMX ya Xbox. Muuzaji akikwambia kwamba inaingia kokote, mwombe aichomeke kwenye mashine kama ya kwako uone kwa macho yako kabla hujalipa.

Jambo la pili ni namna mota inavyousukuma usukani. Kundi la kwanza ni la giaboksi ndogo zenye meno, kama zilivyo G29, G920 na G923: huzunguka nyuzi 900, zina kelele ya meno yanayogongana, lakini ni ngumu na huvumilia miaka mingi. Kundi la pili hutumia mikanda, kama Thrustmaster T300RS inayozunguka nyuzi 1080, na mwendo wake ni laini na wa kimya zaidi. Kundi la tatu ni la mota iliyounganishwa moja kwa moja na mhimili wa usukani, bila meno wala mkanda katikati. Fanatec CSL DD hutoa newton-mita 5 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) na Moza R5 hutoa 5.5, wakati usukani wa meno kama G29 hutoa kiasi cha 2 tu. Tofauti hiyo ya nguvu ni kubwa, na anayejaribu kundi la tatu kwa mara ya kwanza hushangaa. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza, na ambaye bado hajatengeneza stendi, napendekeza kundi la kwanza bila kusita.

Zipo pia sukani za bei ya chini sana zinazozunguka nyuzi 180 au 270, ambazo ndani yake mna springi au mpira wa kuurudisha usukani katikati na kimota kidogo cha kutikisa. Hizo hazina mrejesho wa nguvu, yaani hazina mota inayopokea hesabu kutoka kwenye mchezo na kuusukuma usukani kama matairi yanavyofanya. Kwa michezo ya kundi la pili hazifai. Ni afadhali kubaki na pedi huku ukiweka akiba.

Ukinunua usukani wa meno au wa mkanda uliokwisha kutumika, uwashe na uuache ujizungushe wenyewe mpaka mwisho wa pande zote mbili na kurudi katikati. Ukisita njiani, ukigonga, au ukisimama ukiwa umepinda, huenda kihisi cha ndani kina kasoro. Kisha fungua orodha ya vidhibiti katika Windows kwa kuandika joy.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, ukanyage kila pedali polepole huku ukitazama mstari wake. Mstari unatakiwa kupanda bila kurukaruka. Ukirukaruka, mara nyingi ni vumbi kwenye kihisi cha pedali, tatizo linalosafishika na ambalo linaweza kukupatia punguzo la bei.

Hatua ya 2: Tengeneza stendi ya mbao

Hapa ndipo mkazi wa Tabora ana bahati kuliko wachezaji wengi. Mkoa huu umo ndani ya misitu ya miombo inayotoa mninga, na maseremala wanaoufahamu wapo karibu kila kata, kuanzia Ng'ambo hadi Kiloleni. Mninga unasifika kwa uzuri wa rangi yake, lakini kwa kazi hii sifa iliyo muhimu zaidi ni kwamba ukishakauka hausinyai wala kupinda kwa urahisi, kwa hiyo viungo vilivyokazwa wakati wa masika havilegei kiangazi kinapowadia. Si lazima ununue ubao mzima. Seremala anayetengeneza vitanda na makabati huwa na vipande vilivyobaki, na stendi ya usukani haihitaji zaidi ya hivyo. Ukinunua mbao mpya, nunua kwa muuzaji mwenye kibali na udai risiti yako. Mbao za msonobari ni rahisi zaidi na zinafaa pia, ila ni laini: skrubu huzitafuna zikalegea, na kwa sababu hiyo tumia bolti zinazopenya upande wa pili, zenye washa pana na nati.

Mwambie seremala akutengenezee vitu vitatu vilivyounganishwa kuwa kimoja: ubao wa kubebea usukani, ubao wa kubebea pedali, na mbao mbili ndefu za chini zinazotoka kwenye pedali hadi chini ya kiti. Watu wengi huziacha hizo mbao ndefu ili kupunguza gharama, na matokeo yake kila breki inapokanyagwa kwa nguvu pedali hukimbilia mbele na kiti hurudi nyuma. Zikiwepo, na miguu ya kiti ikiwa imefungwa juu yake, nguvu ya mguu hubaki ndani ya stendi yenyewe na hakuna kitu kinachosogea.

Vipimo hutegemea mwili wa mchezaji, lakini yafuatayo yatakupa pa kuanzia. Kama kiti chako kina kimo cha sentimita 45, weka uso wa ubao wa usukani kwenye kimo cha kati ya sentimita 65 na 70, kisha kaa uhakikishe kwamba mapaja yanapita chini yake bila kugusa. Ubao huo uwe na unene wa angalau sentimita 2.5. Ubao wa pedali uinuliwe upande wa mbele kiasi kwamba kisigino kinatua sakafuni na ubapa wa unyayo unakutana na pedali bila kifundo cha mguu kukunjwa kupita kiasi. Kabla ya gundi kuwekwa, omba seremala aikaze stendi kwa klampu ili uikalie kwanza, kwa sababu sentimita 3 za kusogeza usukani karibu au mbali hubadilisha kila kitu na ni rahisi kuzirekebisha wakati huo tu.

Usukani kama G29 huja na klampu zake mbili za kukazia mezani. Klampu hizo zinafaa kwa kuanzia, lakini chini ya kifaa mna matundu mawili ya skrubu za M6, na hayo ndiyo ningekushauri uyatumie. Pima kwanza kina cha tundu kwa kijiti, ujumlishe unene wa ubao, ndipo ununue skrubu; ikiwa ndefu kupita kiasi inaweza kuchoma sehemu za ndani. Baada ya kufunga, shika usukani kwa mikono miwili uusukume kwa nguvu kushoto na kulia. Stendi ikilia au ikiyumba, ongeza kipande cha mshazari kutoka kwenye nguzo ya usukani hadi kwenye ubao wa chini. Pembetatu moja ya mbao huondoa mtikisiko ambao nguzo nyembamba mbili haziwezi kuuondoa.

Anayependa chuma anaweza kumpelekea fundi wa kuchomelea vipimo hivyohivyo. Chuma kitakuwa cha lazima siku ukihamia kwenye mota yenye nguvu kubwa.

Upande wa kuweka mkono wa gia nao unahitaji uamuzi mapema. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia mwa gari, kwa hiyo gia hubadilishwa kwa mkono wa kushoto. Picha nyingi za stendi zinatoka nchi ambazo gia iko kulia, na maseremala hunakili picha kama ilivyo. Kama unataka mkono wako ujizoeze kama ulivyo kwenye gari la kweli, agiza kibao cha gia kiwe kushoto. Mkono wa gia unaouzwa peke yake kwa sukani za Logitech, wenye gia sita na ya kurudi nyuma, hufungwa upande wowote.

Hatua ya 3: Kiti na mkao

Kiti cha plastiki hakifai, kwa sababu mgongo wake hupinda kila unapokanyaga breki. Kiti cha ofisi chenye magurudumu nacho kinateleza, na kinageuka pia. Chagua kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka, au tafuta siti ya mbele ya gari kwenye gereji zinazouza spea zilizotumika, ambayo ina faida ya reli zake za kusogea mbele na nyuma na hufungwa moja kwa moja juu ya zile mbao ndefu.

Kaa mabega yakiwa yameegemea kiti, kisha unyooshe mkono juu ya usukani: kiungo cha kiganja kinatakiwa kutua juu ya duara lenyewe bila bega kubanduka kitini. Mikono ikishika saa tatu na saa tisa za uso wa saa, viwiko vibaki vimekunjika. Mguu wa breki, pedali ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, usinyooke kabisa. Vaa soksi au viatu vya soli nyembamba. Ndala huteleza na kunasa kwenye pedali.

Hatua ya 4: Umeme na kuunganisha

Soma maandishi yaliyo nyuma ya adapta kabla ya kuichomeka. Umeme wetu ni wa volti 230, na adapta yenye maandishi 100–240V haina tatizo, lakini kifaa kilichonunuliwa kikiwa kimetumika Marekani au Japani kinaweza kuwa kimeambatanishwa na adapta ya huko inayopokea volti 100 hadi 120 tu, na hiyo itaungua papo hapo. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, weka stabilaiza. UPS ndogo ya 650 VA, yaani betri ya akiba ya kompyuta, inasaidia pia, ila uielewe kazi yake: inakupa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima kompyuta kwa utaratibu, si muda wa kumalizia mbio.

Sakinisha programu ya mtengenezaji kwenye kompyuta kabla ya kuchomeka usukani, na usasishe programu ya ndani ya kifaa wakati umeme umetulia, kwa kuwa kukatika katikati ya usasishaji kunaweza kukifanya kifaa kisiwake tena. Kila usukani wa meno au wa mkanda unapowashwa, au umeme unaporudi baada ya kukatika, hujizungusha wenyewe kwa nguvu kutafuta katikati yake. Ondoa mikono, na uwaonye watoto wasiweke vidole kati ya mikono ya duara.

Hatua ya 5: Rekebisha mzunguko na mrejesho wa nguvu

Hatua hii ndiyo inayobeba uhalisia wote, na inastahili jioni nzima.

Anza na mzunguko. Gari la kawaida la barabarani huzunguka nyuzi 900 au zaidi kidogo kutoka mwisho hadi mwisho, gari la rali karibu na 540, na gari la Formula 1 karibu na 360. Usibadilishe namba hiyo kwa kila gari. Weka 900 kwenye programu ya usukani, kisha weka 900 hiyohiyo ndani ya Assetto Corsa, na mchezo wenyewe utapunguza mzunguko kulingana na gari ulilochagua. Hakikisha imefaulu kwa kutazama mikono ya dereva kwenye skrini: ukigeuza usukani wako robo, wake nao ugeuke robo. Vilevile zima springi ya kurudisha katikati iliyomo kwenye programu ya mtengenezaji, kwa sababu ni nguvu bandia inayofunika ile inayotoka kwenye matairi. Marekebisho yanayoitwa gama, kichujio na hisia ya kasi upande wa usukani yawekwe ili gari lifuate usukani sawasawa bila kuongezewa wala kupunguziwa kitu: gama 1, mengine sifuri.

Sasa njoo kwenye mrejesho wa nguvu, ambao kwenye menyu nyingi huandikwa kwa herufi FFB. Ili uurekebishe vizuri lazima ujue unakuletea habari gani. Tairi la mbele linapogeuzwa wakati gari likienda, hujivuta lenyewe kurudi kwenye mwelekeo wa mwendo, na mvuto huo ndio unaousikia kama uzito mkononi. Kadiri unavyoongeza kona, uzito hupanda, lakini hufika kileleni kabla kidogo ya mshiko wa tairi kufika kileleni, kisha huanza kushuka. Kwa hiyo usukani unapokuwa mwepesi katikati ya kona, matairi ya mbele yanakuambia kwamba yamefika ukingoni na kwamba kuongeza kuzungusha hakutasaidia tena. Dereva wa pedi hana habari hiyo. Yeye huona gari likitoka nje ya njia baada ya jambo kutokea.

Habari hiyo hupotea kirahisi. Mota ya newton-mita 2 ikiambiwa itoe nguvu zaidi ya uwezo wake, hutoa kiwango chake cha juu na kukata kilichozidi, na wachezaji huita hali hiyo klipingi. Ni sawa na redio ndogo iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho: kelele zipo, maneno hayasikiki. Usukani utakuwa mzito sana konani, na utakuwa mzito vilevile tairi likiwa limeshika au limeteleza, na uzito huo utakudanganya kwamba ndio uhalisia. Katika Assetto Corsa, washa kisanduku kinachoonyesha pedali na mrejesho, kisha endesha mizunguko kadhaa huku mwenzako akitazama mstari wa mrejesho. Ukigusa kilele mara mojamoja unapopanda kingo za njia, hakuna shida. Ukikaa kileleni kona nzima, punguza nguvu ya jumla ndani ya mchezo, tano tano, mpaka ushuke. Acha nguvu ya programu ya mtengenezaji kwenye 100, na upunguze ndani ya mchezo tu, ili ujue namba moja ya kushughulika nayo.

Sukani za meno zina upungufu mwingine: katikati kabisa kuna eneo lisilo na hisia, kwa kuwa nguvu ndogo hushindwa kusukuma meno. Mchezo una kipimo cha nguvu ya chini kabisa kwa ajili hiyo. Kipandishe kidogokidogo mpaka eneo hilo lijae, na usukani ukianza kutetemeka wenyewe gari likiwa limenyooka, rudisha nyuma hatua moja. Kwa G29 namba huangukia katikati ya 10 na 20 kwa mia. Kwa mkanda hupungua, na kwa mota ya moja kwa moja huwa sifuri. Athari za kuongezewa, kama mtikisiko wa barabara, wa kingo na wa kuteleza, ningekushauri uziweke chini au uziondoe. Zinafurahisha siku ya kwanza, lakini hazitoki kwenye matairi ya mbele na huyafunika yanayosema ukweli.

Hatua ya 6: Ipe breki uzito

Ushindi wa mbio hupatikana kwenye breki, na hapo ndipo vifaa vya bei ya kati ni dhaifu. Pedali za kawaida hupima umbali ambao mguu umesafiri. Breki ya gari la kweli haisafiri sana. Mguu hukumbuka kiasi cha nguvu, si sentimita. Pedali zenye kihisi cha mgandamizo hupima nguvu hiyo moja kwa moja, na kama siku moja utakuwa na fedha za kuboresha kitu kimoja, boresha breki kabla ya mota. Kwa sasa, G29 ina kipande cha mpira ndani ya springi ya breki kinachofanya pedali iwe ngumu kuelekea mwisho. Watu wengi hukiondoa kwa sababu pedali inakuwa nyepesi kukanyaga. Kiache. Kama stendi yako imefungwa kama ilivyoelezwa, utaweza kukikandamiza bila kusogeza chochote, na baada ya muda mfupi mguu utajua wenyewe nusu ya breki iko wapi.

Fungua tena joy.cpl au ukurasa wa kusawazisha ndani ya mchezo, ukanyage kwa nguvu zote unazoweza kuzirudia kona baada ya kona, na uhakikishe hapo ndipo mstari unapofika mwisho. Ukifika mwisho ukiwa umekanyaga kidogo tu, matairi yatakuwa yanafunga kila mara.

Hatua ya 7: Skrini na upana wa mwono

Sogeza skrini karibu, nyuma tu ya usukani, katikati yake ikiwa usawa wa macho. Kisha weka upana wa mwono, unaoandikwa FOV, kwa hesabu na si kwa kubahatisha: gawanya nusu ya upana wa skrini kwa umbali kutoka machoni, tafuta tanjenti kinyume kwa kikokotoo cha simu, uzidishe kwa 2. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa kama sentimita 71. Ikiwa sentimita 80 kutoka machoni inatoa nyuzi 48 za mlalo, na ikiwa mita 2 inatoa nyuzi 20 tu, ambazo hazikuonyeshi hata kioo cha pembeni. Assetto Corsa hutumia kipimo cha wima, kwa hiyo tumia kimo cha skrini badala ya upana, na kwa mfano huo wa sentimita 80 utapata kama nyuzi 28. Picha itaonekana kana kwamba umeisogelea mno, na kasi itaonekana ndogo. Vumilia. Kona zitakuwa na ukubwa wake wa kweli na utaanza kufunga breki mahali pamoja kila mzunguko.

Hatua ya 8: Anza na gari dogo kwenye njia fupi

Gari lenye nguvu nyingi halimfundishi anayeanza kitu isipokuwa hofu. Gran Turismo 7 yenyewe humwanzishia mchezaji na chaguo la Toyota Aqua, Mazda Demio au Honda Fit, magari madogo ya Japani ya aina tunayoiona barabarani kila siku, na hilo ni jambo la busara. Katika Assetto Corsa chukua Abarth 500. Njia iwe fupi, kama Tsukuba ya Japani yenye urefu wa kilomita 2 hivi, ili kona ileile ikurudie kila baada ya dakika moja na ushee. Nordschleife ya Ujerumani, yenye zaidi ya kilomita 20, ni tamu, ila kila kona unaikuta mara moja tu kwa muda mrefu na mguu hausahihishiki.

Siku za mwanzo usitazame muda. Fanya zoezi la breki: chagua alama pembeni mwa njia, zima ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge), kanyaga mpaka usikie matairi yanalia na usukani unapoteza uzito, kisha legeza kidogo mpaka urudi. Rudia hadi uweze kukaa kwenye ukingo huo bila kufunga magurudumu. Ukishaweza, anza kuiachia breki taratibu huku ukiingiza gari konani, badala ya kuiachia yote ghafla. Uzito hubaki juu ya matairi ya mbele nayo hugeuka kwa hiari.

Nyuma ya gari ikiteleza, usukani utataka kujizungusha wenyewe kuelekea upande ule nyuma inakokwenda. Uache ukimbie ndani ya viganja, kisha uushike mshiko unaporudi. Wanaoanza huung'ang'ania, na hapo ndipo gari huzunguka. Kwenye mota za newton-mita 5 na kuendelea, toa vidole gumba ndani ya duara unapoona utagonga, kwa sababu usukani hurudi kwa nguvu inayoweza kuumiza.

Anayetaka rali aje baadaye. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na iliyorudi kwenye michuano ya dunia mwaka 2021 katika eneo la Naivasha, ina mchanga mlaini na mawe yanayoupiga usukani kila sekunde. Punguza nguvu ya jumla kabla ya kuianza, la sivyo mikono itachoka katika hatua ya kwanza na stendi yako nayo itajaribiwa kuliko ilivyowahi kujaribiwa.

Kwa mashindano ya mtandaoni, kumbuka kwamba seva nyingi ziko Ulaya na mawimbi husafiri mbali kutoka hapa. Acha nafasi kubwa zaidi na gari la mbele kuliko unavyoona inatosha, kwa kuwa mahali unapoliona si mahali lilipo hasa. Mafaili ya michezo hii ni makubwa. Pakua usiku kwa kifurushi cha usiku.

Hatua ya 9: Vumbi na joto

Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, vumbi la Tabora huingia kila mahali. Funika usukani na pedali kwa kanga baada ya kila matumizi, na usiziache chini ya dirisha. Mstari wa pedali ukianza kurukaruka, chomoa umeme, fungua kifuniko, na upulizie dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme inayouzwa na mafundi redio, si mafuta ya kulainishia vyuma. Acha ikauke kabla ya kuwasha.

Septemba na Oktoba joto likiwa kali, mota huchemka na mrejesho hupungua bila wewe kubadilisha kitu. Pumzisha kifaa robo saa kila baada ya saa moja, na usizibe matundu ya hewa kwa kanga ileile wakati bado kina moto. Kagua bolti za stendi kila mwezi, hasa zile za ubao wa pedali, uzikaze kwa spana na si kwa koleo.